Kengele Mgongoni mwa Mkasi

Katika suala la wino, kama umekauka au bado ni mbichi, Bi Mihuri hakumwamini mtu ila ndugu yake, na ndugu yake alikuwa haoni.

Mtoto wa jicho alimjia mdogo mdogo, jicho hili kisha lile, kama pazia linaloshushwa na mtu asiye na haraka. Alikuwa fundi saa, na kazi ile haina huruma na macho. Siku alipolegeza parafujo ya saa ya mteja na asiione ilikodondokea, alifunga kibanda chake, akarudi nyumbani, akaketi kando ya meza ya dada yake. Watu waliendelea kumwita Fundi Saa, ingawa saa pekee iliyomfuata ilikuwa ile ya mkononi, aliyoisoma kwa kuisikiliza.

Meza hiyo ilikuwa chumba cha mbele, chini ya dirisha kubwa. Bi Mihuri alikuja kuishi na ndugu yake baada ya kufiwa na mumewe, na meza akaja nayo. Maisha yake ya kazi aliyamaliza masijala, akigonga neno lile lile juu ya barua za watu wengine, asubuhi hadi alasiri. Alipostaafu aliapa kwamba mkono uliozoea kugonga hautakoma kugonga, ila sasa utagonga yanayoupendeza. Akakusanya ndala zilizokatika, akakata nyayo zake vipande, akavichonga kwa kisu kidogo chenye ncha kali, akavibandika kwenye vibao: hapa jani, pale ndege, pale birika lenye mdomo mrefu. Wino aliupaka kwa sifongo, akagonga juu ya karatasi nene iliyokunjwa katikati, kisha akaipamba picha kwa kitambaa, uzi, kifungo, hata ganda la kitunguu likimvutia rangi yake. Kadi hizo zilikwenda kwa wagonjwa, kwa wazazi waliojaliwa watoto, kwa waliofaulu, na kwa waliofeli wakahitaji kuchekeshwa.

Macho ya ndugu yake yalipozimika, Bi Mihuri alibadili jambo moja tu: wino wake aliuchanganya na gundi ukawa mzito kama uji wa mgonjwa, ili ukikauka usimame juu ya karatasi na kidole kiweze kuusoma. Hivyo Fundi Saa akapata kazi. Kadi zikitandazwa mezani, alizipitia kwa upande wa nje wa kidole chake kidogo, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

“Bado,” angesema. Au, “Hii tayari. Hii nayo tayari. Hii, dada, ukiifunga utajuta.”

Wala hakukosea hata siku moja.

Kisha Mola akajaalia. Daktari akamfanyia upasuaji wa jicho hili, na baadaye wa lile. Bandeji zikafunguliwa, na Fundi Saa akarudi nyumbani akiwa na miwani mpya na tabia mpya ya kusimama kila hatua ili kutazama. Alitazama vitasa. Alitazama mvuke wa chai. Alimtazama mkewe mpaka mkewe akamwambia, “Basi, mume wangu, utanimaliza.”

Mkewe huyo mtaa mzima ulimwita Bi Bangili, kwa kuwa bangili zake zilimtangulia mlangoni kabla yake mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa unadhifu na amri, na furaha ya macho ya mumewe ilimwingia kwa sura ya makochi.

“Wifi,” alimwambia Bi Mihuri, akisimama katikati ya chumba cha mbele na mikono kiunoni, “mume wangu sasa anaona. Ijumaa tunasoma dua ya shukrani, na baada ya hapo wageni hawatakwisha kuja kumpa hongera. Tutawaweka wapi? Juu ya mihuri?”

“Wakae watakapo, wifi, mradi wasikalie wino.”

“Ndiyo nisemayo! Nyumba hii mtu akiketi anaondoka na ua nyuma ya kanzu.”

“Ua ni mapambo.”

“Imamu hakuliona kuwa mapambo.” Bangili zikalia. “Sikiliza. Kadi za mwaliko nilitaka zichapwe dukani, safi, zenye kung’aa. Wewe umeng’ang’ania kuzifanya kwa mkono. Haya, fanya. Zikitoka safi, meza yako ikae hapa ilipo, nami sitatia neno. Zikitoka na doa, doa moja tu, wifi yangu, meza inakwenda stoo na makochi yanaingia.”

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba, haina dirisha. Bi Mihuri naye hakuwa tena na macho ya kijana. Pasipo ule mwanga wa dirisha la mbele asingeweza kuutofautisha mstari aliouchora na kivuli cha kisu chake. Kupeleka meza stoo kulikuwa ni kumwambia aache. Alilijua hilo, na alidhani wifi yake hakulijua. Akamgeukia ndugu yake ili apate msaada.

Fundi Saa, aliyekuwa amesimama kati ya mke na dada, alifanya lile wafanyalo wanaume wenye busara: alitazama saa.

“Nimekubali,” akasema Bi Mihuri.

Kadi zilikuwa za watu maalumu. Katika muda wote wa kutoona, Fundi Saa hakukosa sala msikitini, na njia ya kwenda huko ilikuwa ndefu yenye mitaro na pikipiki. Hakuwa na mtu mmoja wa kumwongoza. Kila mmoja alimshika mkono kipande cha njia kilichokuwa karibu na kazi yake, kisha akampokeza mwingine. Bi Mihuri alimwomba ndugu yake amtajie watu hao mmoja mmoja, tangu nyumbani hadi msikitini, na kila mmoja alimtambuaje.

“Kwa sauti,” akajibu Fundi Saa. “Mlangoni, mke wangu, bangili. Kwenye kona, muuza magazeti, kengele ya baiskeli yake. Halafu kinyozi, anapenda kuupigisha mkasi hewani hata kama hana kichwa cha kunyoa. Halafu mwalimu mstaafu, kikohozi.”

“Kikohozi nitakichongaje, kaka?”

“Wewe ndiye fundi.”

“Nitachonga leso.”

“Haya, leso. Halafu nesi wa zahanati, viatu vyake hulia kama vifaranga. Na mwisho mtunza msikiti, funguo.”

Bi Mihuri akachonga bangili, kengele, mkasi, leso, viatu na rundo la funguo. Karatasi iliyobaki sandukuni ilitosha kadi hizo tu, wala duka la karatasi lisingeleta nyingine kabla ya wiki mpya. Ndani ya kila kadi aliandika kwa ule mwandiko wake wa masijala, ulionyooka kama askari, maneno aliyoyataja ndugu yake mwenyewe: *Ulikuwa jicho langu. Njoo Ijumaa, nikuone.*

Siku ya Jumatano asubuhi alisema bismillahi, akagonga. Aligonga kwa mpangilio wa njia, kwanza bangili na mwisho funguo, na kila pigo lilitoa ule mshindo mzito ambao majirani waliuzoea kuliko saa ya ukutani. Kadi zilipotandazwa zote mezani, chumba kilinuka gundi na mafanikio. Vifungo, waya na vitambaa vilingoja katika visahani vyao, kwani havibandikwi mpaka wino ukauke.

Adhuhuri ikaingia. Bi Mihuri akaenda kutawadha, na kutoka huko uani, maji yakimchuruzika viwikoni, akapaza sauti kama alivyozoea:

“Kaka! Zimekauka?”

Fundi Saa akasogeza miwani yake mpya juu ya pua. Akainama. Akaziinua kadi dirishani moja baada ya nyingine, akazilaza upande huu na upande ule, akifurahia jinsi kila mstari ulivyokuwa mkali mbele ya macho yake.

“Zimekauka kabisa, dada! Hata hazing’ai!”

Bi Mihuri akasali kwa utulivu. Fundi Saa naye, akitaka kusaidia, akazipanga kadi moja juu ya nyingine kwa mfuatano ule ule wa njia, bangili chini na funguo juu, akazisawazisha kingo kwa ustadi wa mtu aliyezoea kufunga vifuniko vya saa, kisha akazikandamiza kwa kiganja mpaka zikalala sawasawa.

Aliporudi, Bi Mihuri alishika ile ya juu, na ile ya juu ikakataa kuja. Akaivuta. Ikabanduka kwa mlio wa plasta inayotolewa kwenye kidonda. Picha ya funguo ilikuwa salama, imelala kidogo tu. Lakini alipoigeuza kadi, mgongoni mwake, hafifu lakini bayana, palikuwa na viatu vya nesi. Akabandua ya pili: mbele viatu, nyuma leso ya mwalimu. Ya tatu: mbele leso, nyuma mkasi. Kila kadi ilikuwa imeibusu iliyo juu yake, na busu likabaki.

“Kaka,” akasema polepole, “ulizigusa?”

“Niliziangalia.”

“Sikukuuliza kuangalia. Miaka yote hii nilikuuliza lini kuangalia?”

Wino ule mzito ulifanya ngozi juu, nao ukaacha kung’aa. Chini yake ulikuwa mbichi kama asubuhi. Jicho lisingelijua hilo, ila kidole kingelijua. Fundi Saa akakitazama kidole chake kidogo kama rafiki aliyemsahau siku ya karamu.

Bangili zikasikika ukumbini, zinakuja.

“Nyamaza, nitasema mimi,” Bi Mihuri akanong’ona, na wifi yake alipochungulia mlangoni akamwambia haraka, “Wifi, nimekosea. Nimezipanga kabla ya wakati.”

“Dada, usinifunike,” akasema Fundi Saa. “Nimefunikwa vya kutosha.” Akamgeukia mkewe. “Ni mimi. Nilisema zimekauka, nikazibana kwa mkono huu.” Na akaunyanyua mkono, ili ushahidi uwe kamili.

Katikati ya kiganja chake palikuwa na rundo la funguo, kubwa, jeusi, limekamilika meno yote.

Bi Bangili akatazama kadi, akatazama kiganja. Kicheko kilimtoka kwa kumshtukiza, akakiziba kwa upande wa mtandio.

“Na wewe umepigwa muhuri! Nikupeleke masijala?” Kisha akajikumbusha hasira yake, akanyoosha mgongo. “Nilisema doa moja, wifi. Haya mangapi?”

“Mengi,” akakiri Bi Mihuri.

“Basi nisilaumiwe.”

Hakuna aliyemlaumu. Bi Mihuri alianza kufunika kidau cha wino. Fundi Saa alichukua kadi ya kinyozi ili aione vizuri aibu yake. Na kwa mazoea, bila kukusudia, akayafumba macho na kupitisha kidole mgongoni mwa kadi.

“Kengele,” akasema.

“Tunaiona,” akajibu mkewe.

“Hapana, ngoja. Hii ni kadi ya kinyozi, na mgongoni mwake ni kengele.” Macho yake bado yamefumbwa. “Mke wangu, kinyozi alikuwa ananipokea kutoka kwa nani?”

“Kwa muuza magazeti, hulijui hilo?”

“Na mwalimu?”

“Kwa kinyozi.”

“Tazama mgongo wa mwalimu.”

Bi Bangili akaitazama. Mkasi. Akaichukua ya nesi: leso. Akaichukua ya mtunza msikiti: viatu. Bangili zake zikanyamaza, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa nadra kuliko mvua ya kiangazi.

“Kila mmoja,” akasema Fundi Saa, “nyuma yake yupo aliyenikabidhi. Mimi nilikuwa gizani, dada, sikuwahi kuwaona wakinipokezana. Leo ndiyo naona.”

Kichwani mwake Bi Mihuri alikuwa akiikagua ile njia, kadi kwa kadi, na haikupungua hatua.

“Maneno matamu,” hatimaye akasema Bi Bangili, naye sauti haikuwa kavu kama alivyoitaka. “Lakini mimi si mtu wa kugeuza neno kila upepo ukivuma. Kadi ziende. Wageni wakicheka doa, meza inatoka. Wasipocheka, tutaona.”

Zilikauka mpaka jioni, safari hii kwa idhini ya kidole. Bi Mihuri akabandika kifungo cha shaba kwenye kengele, waya kwenye funguo, kipande cha kanzu kuukuu kwenye leso. Migongo hakuigusa. Alhamisi zilipelekwa, na ya Bi Bangili akakabidhiwa mwenyewe jikoni, akaiweka juu ya kabati pasipo kuigeuza, kwa kuwa alikuwa na mambo.

Ijumaa wageni walikuja baada ya sala. Dua ilisomwa ukumbini, chai ikaenda, na Bi Mihuri akakaa karibu na mlango wa chumba chake cha mbele, kama mtu anayeilinda bidhaa. Alimwona mtunza msikiti akiitoa kadi mfukoni, akiigeuza, akiivuta karibu na pua.

“Hivi viatu ni vya nani?” akauliza mtunza msikiti kwa sauti ya mtu aliyezoea kuadhini. “Mimi ni funguo, nimeelewa. Lakini nina viatu mgongoni!”

Bi Mihuri akafumba macho.

“Viatu ni mimi!” akaitika nesi kutoka upande wa wanawake. “Na mimi nina leso. Nani leso?”

Mwalimu mstaafu akakohoa.

Nyumba ikaangua kicheko. Lakini hakikuwa kicheko kile Bi Mihuri alichokiogopa. Watu wakainuka. Kinyozi akampungia muuza magazeti, nesi akamwinamia mwalimu kwa heshima, naye mwalimu akamwambia, “Kumbe wewe ndiwe viatu? Mimi nilijua nampokeza nesi, sikujua kwake ni viatu vinavyolia.”

“Nami nina mkasi mgongoni,” akaendelea mwalimu. “Kinyozi, unanifuata mpaka huku?”

“Mwalimu, nimekufuata miaka, na unywele sijaupata hata mmoja!”

Wakaanza kujipanga wenyewe, pasipo kuamrishwa, kila mtu baada ya yule aliye mgongoni mwa kadi yake, kutoka dirishani hadi ukutani. Fundi Saa akapita mbele yao akimtazama kila mmoja, kwa kituo, kama alivyotazama vitasa na mvuke wa chai. Alipomaliza kuutazama uso wa mtu, aliyafumba macho, akamshika mkono, akatabasamu, kisha akaenda kwa anayefuata. Mtunza msikiti alioneshwa kiganja, ambacho kilikuwa bado na kivuli cha funguo, akasema, “Basi kwa kuwa unazo, kesho ufungue wewe.”

“Na mimi nani yuko mgongoni mwangu?” akauliza muuza magazeti. “Bangili! Bi Bangili, njoo ukae mahali pako!”

Bi Bangili akaja kutoka jikoni na kadi yake mkononi, bangili zikimtangulia. Akaigeuza mbele ya watu wote. Mgongo wake ulikuwa mweupe, safi, pasipo alama wala kivuli.

Akaigeuza tena. Akaigeuza mara nyingine, kana kwamba picha ingeona haya na kujitokeza.

“Yangu mbona haina?” akauliza.

“Ilikuwa chini kabisa, wifi,” akasema Bi Mihuri. “Haikulaliwa na kitu. Ndiyo kadi pekee isiyo na doa.”

“Siitaki!” Sauti ilipanda. “Wenzangu wote wana mtu, mimi peke yangu nimeachwa mgongo mtupu kama yatima? Mimi sikukabidhiwa na mtu?”

“Si ulisema safi, mke wangu,” akanena Fundi Saa.

“Nyamaza wewe.” Lakini alikuwa akifikiri, Bi Mihuri aliliona hilo usoni mwake. “Asubuhi ulikuwa ukitoka wapi ulipokuja kwangu mlangoni? Hukuwa ukitoka kitandani. Ulikuwa ukitoka…” Akageuka, akautazama mlango wa chumba cha mbele. “Ulikuwa ukikaa pale mezani. Mshindo wa muhuri ukinyamaza, nilijua dada yako amesema wakati wa sala umekaribia. Hapo ndipo nilipokwenda kusimama mlangoni.”

Akamshika Bi Mihuri mkono, mbele ya kinyozi na mwalimu na nesi, akamvuta ndani ya chumba. Fundi Saa akawafuata, na wageni wakajazana kizingitini.

“Chonga,” akaamuru Bi Bangili.

“Nichonge nini?”

“Wewe mwenyewe! Muhuri! Kibao na kishikio chake. Na uchonge hapa hapa penye mwanga, usinipeleke popote.”

“Na makochi, wifi?”

“Makochi yatakaa chumbani kwangu. Nitakuwa nikiyakalia mimi na kuyalilia mimi.”

Bi Mihuri akavuta kiti, akachukua kipande cha unyayo wa ndala, akakigeuzia dirishani. Mwanga ulimjia begani kama ulivyomjia siku zote, na kisu kikauona mstari. Hakukawia; kishikio ni umbo alilolishika maisha yake yote. Akapaka wino, lakini hakugonga. Akausukuma muhuri kwa wifi yake.

“Gonga wewe.”

“Mimi?” Bi Bangili akazisukuma bangili juu hadi kiwikoni, akauomba msaada wa Mungu, akagonga mgongo wa kadi yake kwa nguvu za mtu anayefunga mlango. Visahani vyote vya vifungo vikaruka. Picha ikatoka imeinama kidogo upande wa kushoto, nyeusi tii.

Wakaitazama wote, wasithubutu kupumua juu yake.

“Imekauka?” akauliza Bi Bangili.

Fundi Saa akavua miwani, akaiweka mezani. Akayafumba macho, akanyoosha kidole chake kidogo, akaisogelea karatasi kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

“Bado,” akasema. “Leteni viti. Tungoje.”